Mzee Aliyekosa wa Kumwona

Mzee yule aliingia Kituo Kikuu cha Mahojiano kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi na mapema, bila pingu, bila kusukumwa, bila hata kushikwa ukosi wa shati. Koplo Mashaka aliyekuwa mapokezi alishtuka mpaka akajimwagia chai. Katika nchi ile, ambayo haimo kwenye ramani yoyote na ambayo wenyeji wake wanaamini kosa ni la ramani, hakuna mtu aliyewahi kuingia kituoni namna hiyo. Watu waliletwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Koplo huku akijifuta. "Umeletwa na nani?"

"Marahaba. Nimejileta."

"Hatuna utaratibu huo."

"Basi nifanyeje?"

Koplo alifikiri. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimpa taabu sana kazini. "Toka nje," alisema. "Simama pale chini ya mwembe. Mimi nitakuja kukukamata, halafu tutaingia wote."

Mzee akatoka, akasimama pale alipoelekezwa. Koplo akavaa kofia, akatoka, akamshika mkono kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara, wakaingia. Hapo ndipo ilipowezekana kumwuliza jina.

Aliitwa Pazi Lugome. Alivaa koti la suti lililokuwa jeusi zamani, ndevu amezichana, na mfukoni alikuwa na karanga ndani ya karatasi. Alisema amekuja kwa ajili ya mishale ya saa. Siku ya Jumatano, mishale ilipopotea, alikuwa nyumbani kwake peke yake, na hakuna aliyemwona.

Koplo akamtazama kwa huruma. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mwanangu. Nilisikia redioni kwamba mtawafuata wote ambao hawakuonwa. Nikaona niwapunguzie safari."

*

Hapa lazima msomaji aelezwe mambo mawili, saa na sheria, kwa kuwa huenda nchi yake haina hata moja kati ya hayo.

Saa ya Taifa ilikuwa juu ya mnara, katikati ya Uwanja wa Nidhamu. Ilikuwa saa kubwa kuliko zote katika ukanda ule, na kama ilichelewa, basi ilichelewa kwa heshima. Jumatano moja jioni watu walitazama juu wakaona uso mweupe usio na mishale. Mtukufu Rais alihutubia taifa usiku uleule. Alisema maadui wa maendeleo wameiba wakati wa wananchi, na kwamba atawasaka hadi mwisho wa dunia au mwisho wa muhula wake, kutegemea kipi kitatangulia, ingawa muhula wake haukuwa na mwisho.

Ukweli ni kwamba mishale ilikuwa karakana ya Wizara ya Uwahi, ikipakwa rangi ya dhahabu kwa ajili ya sherehe. Waziri mwenyewe ndiye aliyeagiza. Alikuwa njiani kwenda Ikulu kutoa taarifa, ila alichelewa, na alipofika hotuba ilikuwa imekwisha. Na Mtukufu akishasema kitu kimeibwa, kitu hicho kimeibwa, hata kama umekishika mkononi. Waziri akarudi nyumbani, akakaa kimya, akapandishwa cheo kwa busara yake.

Ama sheria, iliitwa Sheria ya Uwepo, na ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mtu yeyote ambaye hakuonwa na mwenzake jioni ya tukio, atahesabiwa kuwa alikuwa kwenye tukio. Wanasheria waliisifu kwa sababu ilipunguza upelelezi. Watu nao wakaizoea, kama walivyozoea mengine. Kila magharibi king'ora kililia mjini, madirisha yakafunguliwa mtaa kwa mtaa, na jirani akamwambia jirani wa dirisha linalotazamana na lake: "Nimekuona." Naye akajibiwa: "Nami nimekuona." Kisha madirisha yakafungwa, kila mtu akarudi kwenye sufuria yake akiwa hana hatia mpaka kesho.

Wapo waliogombana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa uwanja, lakini magharibi wakaonana. Wapo waliochumbiana kwa maneno hayo tu. Ilikuwa sheria ya kijinga, lakini iliwafanya watu watazamane angalau mara moja kwa siku, na sijui nchi ngapi zenye sheria za akili zinaweza kujisifu hivyo.

Askari peke yao ndio walikatazwa kusema hivyo, na sheria haikuwagusa. Neno la raia lilihesabika kwa jioni ile tu. Neno la askari lilikuwa neno la dola, na dola ikishasema imemwona mtu, haiwezi kugeuka ikasema juzi ilikuwa haimwoni. Mtu aliyeambiwa "nimekuona" na askari alikuwa ameonwa siku zake zote, zilizopita na zijazo, na hakuna kosa ambalo lingeweza kumshika. Kwa hiyo askari aliyetamka maneno hayo alivuliwa gwanda. Hata madirisha ya nyumba za askari yalizibwa kwa saruji, ili mtu asije akateleza ulimi.

*

Kesi ilipewa Mwanahawa Kitale, Mhoji wa Daraja la Tatu, ambaye alikuwa amemaliza chuo mwaka ule na bado alipiga pasi sare yake kila asubuhi. Chuoni aliandika tasnifu juu ya kumsikiliza mshukiwa kama mtu. Ilipata alama za juu sana. Nakala iliyopelekwa makao makuu ilitumika kuzuia mlango wa ghala la silaha usijifunge kwa upepo, na Mwanahawa alipoiona pale aliona afadhali, angalau inafanya kazi.

Alikaa peke yake katika nyumba ya askari yenye chumba kimoja na dirisha la saruji. Sokoni alipofika wauza nyanya walinyamaza, wakampimia haraka, wakamwongezea nyanya mbili ambazo hakuziomba. Kinyozi wa jirani, mtu wa porojo tangu asubuhi, alipomwona alianza kukohoa. Akimpigia simu mama yake, mama alisema, "Tutaongea, mwanangu, tutaongea," kwa sababu simu za wahoji husikilizwa, akakata. Hawakuongea. Mwanahawa alikuwa anajua namna kumi za kumfanya mtu aseme, na hakuwa na mtu wa kusema naye.

Mkuu wake, Afande Dokta Kombo Mtepa, alikuwa Mkurugenzi wa Sayansi ya Nafsi za Washukiwa. Sayansi hiyo aliigundua mwenyewe, bafuni.

"Kitale," alisema Dokta Mtepa, akitembea na fimbo yake kwapani, "mshukiwa anayekutazama machoni ni mwongo, kwa sababu amefanya mazoezi. Anayetazama chini ni mwongo, kwa sababu ana aibu. Atokaye jasho ana hatia. Asiyetoka jasho ana hatia na ana uzoefu. Umeelewa?"

"Afande, na asiye na hatia anakuwaje?"

Dokta Mtepa alisimama. Swali lilikuwa jipya kwake na alilipa heshima yake. "Hajaletwa bado," alisema.

*

Siku ya kwanza walihoji shahidi. Alikuwa Bi Hidaya, mama muuza maandazi wa Uwanja wa Nidhamu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi ambaye siku hiyo aliyaacha nyumbani. Dokta Mtepa aliongoza mwenyewe, Mwanahawa akae ajifunze. Majibu yalikuwa yamekwisha kuletwa kutoka makao makuu. Kazi ya mhoji ilikuwa kutafuta maswali yanayoelekea huko.

"Mama," alisema Dokta kwa sauti ya upole, "yule mzee uliyemwona akipanda mnara, ngazi yake ilikuwa ya mbao au ya chuma?"

"Sikuona mzee, afande. Nilikuwa nakaanga."

"Sikukuuliza kama ulimwona. Nimeuliza ngazi ni ya nini."

"Sikuona ngazi."

"Sawa kabisa. Tusikimbizane. Kunywa chai." Akamsukumia kikombe. "Sasa ile ngazi ambayo hukuiona, kama ungeiona, ingekuwa ya mbao?"

Bi Hidaya alifikiri. "Huku kwetu ngazi nyingi ni za mbao."

"Umesema vizuri sana. Ya mbao. Ilikuwa na kidato kilichovunjika, eti?"

"Zile za mbao huvunjika, baba."

"Alipokanyaga pale palipovunjika alifanyaje? Alishtuka?"

"Mtu mzima akanyage hewa asishtuke?"

Walikwenda hivyo mpaka chai ikaisha na ikaletwa nyingine. Mwanahawa alimtazama yule mama akibadilika usoni taratibu, kama mtu anayekumbuka wimbo. Mwanzo alikisia ili aachwe aende. Baadaye alikisia ili amridhishe yule bwana mpole. Mwishowe hakukisia tena. Macho yalimjaa machozi.

"Maskini mzee wa watu," alisema Bi Hidaya. "Aliteleza kidogo, akashika mnara hivi, kwa mkono wa kushoto. Nilitaka hata nimwite ashuke. Kwa nini sikumwita?"

Alipotoka, Mwanahawa alimfuata hadi nje. "Mama, kweli ulimwona?"

Bi Hidaya akamkazia macho, hana hila hata kidogo. "Mwanangu, mimi sasa naiona ile ngazi kama ninavyokuona wewe. Usiku huu sijui kama nitalala."

Dokta Mtepa alikuwa akinawa mikono. "Umeona? Kumbukumbu ni kama unga, Kitale. Ni suala la maji tu."

Asubuhi iliyofuata mishale ilirudi juu ya mnara, ikimetameta kwa dhahabu mbichi, na mpita njia mmoja akadondokewa rangi begani. Mwanahawa alikimbia ofisini.

"Afande, mishale imerudi."

"Nimeiona. Inapendeza."

"Basi hakuna wizi."

"Kitale." Dokta Mtepa alikaa, akamwonyesha kiti, maana alikuwa mwalimu kweli. "Mtu akirudisha kitu, maana yake alikichukua. Kurudi kwa mishale ndio ushahidi wetu mkubwa kuliko wote. Mpaka jana tulikuwa na wasiwasi. Leo tuna uhakika. Kinachobaki ni mzee mwenyewe akiri, na kwa hilo utatumia Kimya."

*

Kimya cha Kisayansi kilikuwa fahari ya kituo. Mhoji anakaa na mhojiwa katika chumba kisicho na dirisha, hasemi neno. Binadamu, kwa mujibu wa Dokta Mtepa, hawezi kuvumilia kukaa kimya na mwenzake. Atajaza kile kimya kwa chochote alicho nacho, na kama hana kosa atatengeneza. Majambazi wakubwa walivunjika. Mchungaji mmoja aliyekuja kutoa ushahidi wa ajali ya baiskeli alikiri vita viwili.

Ukutani palikuwa na kioo cha siri, cha namna ile ambayo aliye nje humwona aliye ndani, na aliye ndani hujiona mwenyewe tu. Fundi alikigeuza wakati wa kukifunga. Walio ndani ndio waliomwona Dokta Mtepa waziwazi, naye kwa muda wote huo alikuwa akijitazama mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Yeye aliamini kwamba nyuso za washukiwa wote hufanana, na aliandika kitabu juu ya jambo hilo.

Mzee Pazi aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini. Mwanahawa akaketi mbele yake. Kimya kikaanza.

Mzee alitazama meza. Alitazama kioo, ambako Dokta Mtepa alikuwa akijipangusa nyusi kwa mate, akageuza macho kwa adabu. Kisha akatoa karanga zake, akaanza kuzimenya moja moja. Hakuwa na haraka. Kila akimenya mbili, moja aliila, moja aliisukuma upande wa Mwanahawa. Kimya kikaendelea. Mwanahawa aliona, polepole, kosa ambalo sayansi ya Dokta haikulifikiria. Kimya kwa mzee yule kilikuwa kitu cha nyumbani. Alikaa ndani yake kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake mwenyewe, chenye umbo la mgongo wake.

Karanga upande wa Mwanahawa zikawa kilima kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumgawia kitu bila kutetemeka tangu alipovaa gwanda.

"Mama yangu hapokei simu zangu," alisema.

Aliisikia sauti yake mwenyewe na akashangaa imetoka wapi. Mzee aliinua macho, akatikisa kichwa kidogo, akamenya nyingine. Hakuuliza kitu. Basi Mwanahawa akasema mengine. Alisema juu ya wauza nyanya, na juu ya tasnifu mlangoni mwa ghala. Alisema alijiunga na kazi ile kwa sababu alipokuwa mdogo kaka yake alihojiwa, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine, naye akafikiri kwamba siku moja, akiwa upande wa pili wa meza, atahakikisha watu wanarudi makwao walivyokuja. Alisema juu ya dirisha la saruji, kwamba magharibi hukaa kitandani na kusikia mji mzima ukiitana kwa mbali, nimekuona, nami nimekuona, na huziba masikio kwa mto. Alisema asipopata ungamo atapelekwa kituo cha mpakani, ambako hakuna wa kumhoji ila mbuzi wa magendo. Akilipata atapandishwa mpaka Daraja la Kwanza, na wahoji wa Daraja la Kwanza hupewa nyumba yenye dirisha.

"Dirisha la kweli?" aliuliza mzee. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"La kioo. Linafunguka. Afande amenionyesha funguo."

"Linatazamana na nini?"

"Na bustani ya jenerali. Mke wa jenerali hukaa pale na mbwa wake."

Mzee akatabasamu. "Si haba."

"Mzee wangu, na wewe kwa nini hukuonwa? Huna jirani?"

"Nilikuwa naye." Akakung'uta maganda. "Mke wangu Sijali alipokuwa hai sikuhitaji jirani. Mkiwa wawili ndani, mnaonana, yamekwisha. Akafariki. Basi nikawa naonana na bwana mmoja wa ng'ambo ya njia, fundi viatu. Tuliishi vizuri. Halafu serikali ikambomolea nyumba, ikaweka bango."

"Bango gani?"

"La macho. Macho mawili, kila moja kama gari. Limeandikwa DOLA INAKUONA. Liko mbele ya dirisha langu, limeziba mtaa mzima. Nilikwenda kuuliza kama linahesabika. Nikaambiwa hapana, lile ni tangazo tu."

Mwanahawa hakujua kama acheke. Mzee alicheka kwa niaba yake, kicheko kidogo cha kikohozi.

"Mimi nilikuwa mshika kibendera, mwanangu. Mpirani. Miaka mingi. Nikinyoosha kibendera kwamba mtu ameotea, uwanja mzima unamtukana mama yangu kwa sauti moja. Sijali alikuwa anakaa jukwaani, anawatukana na wao. Tukirudi nyumbani tunahesabu nani katukana vizuri zaidi." Akamenya karanga nyingine. "Siku hizi hata wa kunitukana sina."

Kule kiooni Dokta Mtepa alikuwa akijaribu tabasamu la aina mbalimbali.

"Mzee Pazi," alisema Mwanahawa kwa sauti ya chini, "nenda nyumbani. Nitasema hukukiri."

"Watamleta mwingine anihoji?"

"Watamleta."

"Atakaa na mimi kama hivi?"

Mwanahawa alitazama kile kilima cha karanga.

"Tazama," alisema mzee, "sheria inasema aliyekuwa peke yake ndiye. Na mimi nilikuwa peke yangu, hilo sidanganyi. Nikatae, watanifunga. Nikubali, watanifunga. Tofauti ni kwamba nikikubali, wewe unapata dirisha. Hiyo si hasara."

"Mzee wangu, usiseme hivyo."

"Umekaa na mimi tangu asubuhi. Unajua ni muda gani sijakaa na mtu? Nina ombi moja tu dogo. Nataka magharibi moja, kabla hawajanichukua, mtu apite pale mbele ya dirisha langu aniambie. Awe yeyote. Hata mlevi."

"Nitakuja mimi."

Mzee akamtazama kwa makini. "Nyinyi hamruhusiwi."

"Nitakuja."

"Utapoteza..."

"Nimesema nitakuja, mzee."

Mzee Pazi akavaa kofia yake. Kabla Mwanahawa hajamshika mkono, alisimama, akageukia kioo, akanyoosha mkono wa kulia juu, moja kwa moja, kama zamani pembeni ya uwanja.

"Afande," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ni mimi."

*

Dokta Mtepa alifurahi mpaka akakumbatia mlango. Aliona maganda mezani, akawakusanya askari wote barazani, akasema kwamba leo sayansi imeshinda karanga. Alisema Kitale amedhihirisha kwamba huruma, ikitumiwa kwa nidhamu, ni silaha kali kuliko rungu na haiachi alama. Alisema kesho asubuhi mshukiwa atakamatwa rasmi nyumbani kwake, mbele ya televisheni ya taifa. Isingewezekana leo, kwa kuwa televisheni ilikuwa kwenye uzinduzi wa mkasi mpya wa kukatia utepe. Mpaka kesho mzee aende akalale kwake, na aambiwe avae shati jipya.

"Hatakimbia, afande?" aliuliza Koplo Mashaka.

"Akimbilie wapi? Kote atakakokwenda atakuwa peke yake."

Kisha akamkabidhi Mwanahawa funguo mbele ya wenzake. Zilikuwa mbili, moja ya mlango na moja ndogo ya dirisha. Askari walipiga makofi. Koplo Mashaka alipiga makofi pia, huku akitazama miguu yake.

Mwanahawa alikwenda kuiona nyumba mchana uleule. Chumba kilinuka rangi. Dirisha lilikuwa kubwa, na jua liliingia hadi katikati ya sakafu. Alilifungua kwa ile funguo ndogo, akakaa kwenye sakafu tupu mahali penye jua, akakaa kwa muda mrefu. Bustani ya jenerali ilikuwa na waridi. Mke wa jenerali alikuja na mbwa wake, akatazama juu, akamwona msichana dirishani, akampungia mkono bila woga wowote, kama watu wanavyofanya.

Mwanahawa akampungia. Ni jambo dogo, kupungiwa mkono. Alilia kidogo, kisha akafunga dirisha, akaweka zile funguo juu ya sakafu, katikati ya lile jua, akatoka.

Njiani alijiambia sababu zote za kutokwenda, na zilikuwa nzuri. Mzee mwenyewe amekubali. Mzee mwenyewe alisema si hasara. Mwingine anaweza kwenda, Bi Hidaya kwa mfano, ingawa Bi Hidaya alikuwa kitandani akiomboleza mzee aliyeteleza kwenye ngazi. Na yeye, akibaki kazini, atasaidia wengi baadaye, polepole, kwa utaratibu. Sababu hii ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote. Alikuwa ameisikia kwa kila mkubwa wake tangu aanze kazi.

Aliendelea kutembea.

*

Bango lilikuwa kubwa kuliko alivyosimuliwa. Nyuma yake mtaa ulikuwa ukijiandaa, watoto wakiitwa ndani, vigoda vikiburutwa kwenye madirisha. Kwa upande wa mbele palikuwa na njia nyembamba ya vumbi, ukuta wa nyumba ndogo, na dirisha moja la mbao lililofungwa. Macho mawili ya rangi ya buluu yalitazama juu ya paa la nyumba, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mwanahawa alisimama katikati, bango mgongoni kwake, dirisha mbele yake. Alikuwa na sare kamili. Alikuwa amefikiri kuja na gauni, lakini ahadi aliitoa akiwa na gwanda, na neno lililohitajika lilikuwa la gwanda.

King'ora kililia. Madirisha yakafunguka nyuma ya bango, moja baada ya jingine, na sauti zikaanza. Nimekuona, Mama Chausiku. Nami nimekuona, unanuka samaki. Nimekuona, babu. Nami nimekuona.

Dirisha la mzee halikufunguliwa. Bila shaka alikuwa ameacha kulifungua zamani. Mwanahawa alisogea hatua moja.

"Mzee Pazi Lugome," aliita, kwa sauti aliyofundishwa chuoni, ile ya kusomea mashtaka. "Nimekuona."

Nyuma ya bango mtaa mzima ulinyamaza. Walikuwa hawamwoni, lakini sauti ya askari watu wa nchi ile waliijua kama wanavyoijua mvua. Walijua pia kile kilichotamkwa. Mtu mmoja alisema taratibu, "Ameonwa," na mwingine akalipokea neno, likaenda mtaani dirisha kwa dirisha, na kwa namna habari zinavyosafiri kule, lilikuwa limekwisha kufika mezani kwa Dokta Mtepa kabla ya dirisha la mzee kufunguka.

Lilifunguka kwa taabu. Bawaba zilikuwa na kutu. Mzee Pazi alitokea akiwa amevaa shati jipya la kesho, akamtazama yule msichana aliyesimama kwenye vumbi amekaza mikono ubavuni.

"Umekuja," alisema.

"Nilisema nitakuja."

"Ungemtuma mlevi, mwanangu."

"Sikumpata mlevi, mzee."

Akatabasamu, halafu akaushika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Alijiweka sawa. Jambo lile lina namna yake na yeye alitaka kulifanya vizuri.

"Nami," alisema, "nimekuona."

Mwanahawa akavua kofia. Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo tangu alipovaa ile sare, na sasa ameambiwa, akiwa amebakiwa nayo kwa usiku huu tu. Kwa desturi, baada ya jibu, madirisha hufungwa na kila mtu anarudi kwenye sufuria yake. Nyuma ya bango yalianza kufungwa, moja moja.

Mzee Pazi hakulifunga la kwake.